Kutoka kiti cha msoma ramani: saa, penseli na tatizo la "ku"

Rali yangu ya kwanza niliiharibu nikiwa nimesimama wima mbele ya meza, gari limeegeshwa, hakuna anayekimbizana na mtu. Kadi yetu ya muda ilitutaka tuingie kituo cha kukagulia muda saa 09:55. Nilimkabidhi mama msimamizi kadi, akatazama saa yake, akaandika 09:54 na kunirudishia kwa tabasamu. Ilibaki kama sekunde ishirini dakika ibadilike.

Fundi, dereva wangu, ana gereji Unga Limited hapa Arusha, na nadhani hata mkewe humwita Fundi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwalimu, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, ambazo rali za kwetu hufuata kwa kiasi kikubwa, kila dakika unayochelewa kituoni inakugharimu sekunde 10. Kila dakika unayowahi inakugharimu dakika nzima. Yaani ningekaa chini ya mgunga nikanywa soda dakika tano, tungeadhibiwa sekunde 50, pungufu ya tulichoadhibiwa kwa kiherehere changu. Sababu yake ina akili: anayewahi amekimbia kwenye barabara ya watu, na hilo ndilo waandaaji wanalolihofia kuliko kitu chochote. Gari linaruhusiwa kupita kibao cha njano cha kuingilia eneo la kituo ndani ya dakika yako au dakika moja kabla. Kadi ndiyo isiyotakiwa kuguswa mpaka dakika yenyewe ifike. Kinachohesabiwa ni mkono wako, si matairi.

Wengi wanaonifuata kuniuliza habari za mchezo huu huanza na gari: injini gani, shokapu gani, bei gani. Mimi nafundisha hisabati sekondari na sina gari la mbio. Niliingia kwa mlango wa kushoto, wanakopita wachache, na kazi ya kiti hicho ni kutunza saa na kusoma.

Tuanze na saa, maana kwetu ina mtego wake. Kadi inaandikwa kwa mtindo wa saa 24. Kichwa cha Mswahili kinahesabu kuanzia jua linapochomoza. Fundi akisema "tunatoka tatu na kumi na mbili", mimi naandika 09:12. Mwaka wa kwanza niliwahi kuandika 03:12, nikajumlisha dakika 43 za kipande kinachofuata, nikapata 03:55, kisha nikakaa naitazama kama mwanafunzi aliyepata jibu lisilokuwepo kwenye machaguo. Siku hizi tuna sheria: mdomo unasema Kiswahili, penseli inaandika tarakimu, na sijumlishi kabla sijaandika.

Rali huwa na vipande vya aina mbili. Kuna steji, barabara iliyofungwa, mnakotoka mmoja mmoja na kukimbia kadiri mnavyoweza. Halafu kuna vipande vya kuunganisha steji moja na nyingine, mnakopita na bodaboda, daladala, mbuzi na trafiki mwenye tochi kama raia wengine. Kilomita 31 kwa dakika 43 ni mwendo wa wastani wa kilomita 43 kwa saa. Linaonekana jambo dogo mpaka ukutane na kijana wa Kimaasai anavusha ng'ombe mia mbili. Hapo hupigi honi. Unazima injini, unasalimia, unaanza kuhesabu upya.

Kuna pia rali za wastani, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazomfaa anayeanza. Hakuna steji ya kukimbia. Unapewa njia na mwendo, na vituo vingine vimefichwa. Ujanja wake ni kugawa 3,600 kwa mwendo uliopewa, upate sekunde za kila kilomita. Mwendo wa 60 ni sekunde 60, wa 45 ni 80, wa 40 ni 90, wa 36 ni 100. Ukipewa 45, kwenye kilomita 12.4 unatakiwa uwe umetumia sekunde 992, yaani dakika 16 na sekunde 32. Ukifika mapema umekosa, na ukichelewa umekosa. Gari lolote zima linatosha, hata lile la kupeleka watoto shule.

Ndivyo mchezo huu ulivyoota mizizi Afrika Mashariki. Safari Rally ya kwanza, mwaka 1953, iliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa magari ya kawaida yaliyopangwa madaraja kwa bei ya dukani, juu ya barabara ambazo hazikufungwa. Matope yalikuwa mshindani mkubwa kuliko dereva yeyote: mwaka 1963, na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na miaka yote miwili Nick Nowicki alishinda na Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda na Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, na kwenye kiti changu, ndivyo ninavyopenda kukiita, alikaa mdogo wake Jaswant. Barabara za Safari ziliendelea kuwa wazi kwa umma hadi 2002, helikopta zikitangulia kuangalia malori na mifugo. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilirudi Naivasha, kwenye steji zilizofungwa.

Turudi kwenye kazi. Kabla ya kutoka, tunapima mita ya masafa. Waandaaji huwa na kipande kilichopimwa. Tuseme kitabu cha njia kinasema 10.00 na mita yetu inasoma 10.30. Kuanzia hapo kila ninachosoma nakigawa kwa 1.03. Ukidharau, baada ya kilomita 30 umekosea karibu mita 900, na porini mita 900 zina njia tatu za ng'ombe zinazofanana na ile unayotakiwa kukata. Tairi jipya lina mzunguko mkubwa kuliko lililolika, kwa hiyo Fundi akibadilisha matairi bila kuniambia, ugomvi wetu unakuwa wa siku mbili.

Sasa noti, yaani maelezo ya barabara ninayomsomea dereva, maana hapa ndipo ninapoupenda zaidi mchezo wenyewe. Kabla ya mashindano mnaruhusiwa kupita steji polepole, kwa kawaida mara mbili. Mara ya kwanza dereva anaitazama kona na kutamka, mimi naandika. Mara ya pili nasoma, yeye anasahihisha. Kona tunazipa namba, 1 ikiwa kali kabisa na 6 ya kupita bila kuinua mguu. Siku ya mbio namsomea kona ijayo wakati bado anapambana na hii.

Madereva wengi wa huku husomewa kwa Kiingereza. Fundi alikataa. Alisema kwenye hatari anafikiri kwa Kiswahili, na hataki mkalimani kichwani kwenye mwendo wa 120. Tukaandika noti kwa Kiswahili safi, na asubuhi moja upande wa Oljoro tukagundua kwamba lugha yetu tamu ina kasoro mbili ukiwa ndani ya helmeti.

Ya kwanza: kulia na kushoto vyote vinaanza na "ku". Intakomu ina kelele, mawe yanapiga sakafu, dereva anasikia "ku..." na anabaki amening'inia akisubiri silabi inayofuata. Nusu sekunde kwenye mwendo wa 120 ni karibu mita 17. Tukaikata "ku" tukabaki na "lia" na "shoto".

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi: tatu na tano. Tatu ni ya kufunga breki, tano ni ya kupita na gia ya juu, na zote zinafunguliwa na "ta". Nilisema tatu, alisikia tano. Tuliingia kwenye mahindi ya mtu, tukatoka na majani kwenye rejeta. Mwenye shamba tulimlipa papo hapo, na alitusaidia kusukuma. Jioni ile tano tuliifuta. Sasa inaitwa "kofi", kwa sababu ya vidole. Sita na saba hazitugombanishi, saba hatuna.

Kwa hiyo mstari mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Mia, lia nne funga, usikate, jiwe, hamsini, shoto mbili, korongo." Maana yake: mita 100 za kunyooka, kona ya kulia ya wastani inayozidi kubana, usiibane kwa ndani kwani kuna jiwe, kisha mita 50 na kona kali ya kushoto yenye korongo. Maneno yote hayo yatoke kwa sauti ileile, bila kupanda. Ukipiga kelele, dereva anadhani umeona kitu.

Ukipotea kwenye noti, sema "nimepotea" papo hapo. Mimi kurasa mbili zilishikana kwa jasho, nikabaki nazibandua. Fundi alipunguza mwendo, akaendesha kwa macho mpaka darajani, nikaipata tena. Anayebahatisha ukurasa ili kuficha aibu sitakaa naye gari moja.

Mengine nitayapitia haraka. Kichefuchefu kipo, hasa ukisoma kichwa kimeinama. Tangawizi inasaidia, ugali wa asubuhi hausaidii. Leseni ya mchezo kwetu hutolewa na AAT, chama cha magari cha Tanzania, na Kenya ni KMSF, shirikisho lao la mchezo wa magari. Kwenye gari la steji usikubali kukaa bila fremu ya chuma, mkanda kamili, kinga ya shingo na ovaroli ya kuzuia moto, hata kama dereva ni mjomba wako. Kama huna hela hata ya helmeti, jitolee kusimamia kituo kwanza. Yule mama aliyeniandikia 09:54 anafanya hivyo, na sijawahi kukutana na anayezijua kanuni kumzidi.

Penseli iwe 2B. Peni ikiingiwa vumbi hukwama, na ngumu kama 2H haionekani gari likiruka. Mimi hubeba tatu: moja mkononi, moja mfukoni, na moja nimeifunga kwa uzi kwenye mkanda wa gari baada ya zile mbili kwenda chini ya kiti cha Fundi kwenye steji moja.