CCM ni chama cha kijamaa? Dhana tunazozisikia ghalani, na ukweli wake

Tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya korosho katika ghala la chama cha msingi cha ushirika, Tandahimba, mkoani Mtwara, tukingoja zamu ya mizani. Mzee mmoja akamwambia mjukuu wake, "Chama chetu tawala, CCM, ni cha kijamaa, ndiyo maana Serikali inatupigania bei." Kijana akajibu, "Babu, ujamaa ulizikwa kabla sijazaliwa." Nimeusikia ubishi huo Newala, nimeusikia Masasi. Kila mmoja ameshika nusu ya jambo.

Dhana: Ujamaa ni ukomunisti uliobadilishwa jina. Watu huona jembe na nyundo kwenye bendera ya CCM wakaona yamekwisha. Ukweli ni kwamba Nyerere, katika andiko lake la 1962, aliusimamisha ujamaa juu ya udugu wa familia ya Kiafrika. Vita vya matabaka, ambavyo ndivyo moyo wa ukomunisti, alivikataa kuwa msingi.

Dhana: Serikali ikinunua korosho, huo ndio ujamaa. Hii ndiyo imekita mizizi kwetu, na chanzo chake kinajulikana. Novemba 2018 wanunuzi walitoa bei ya chini, Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya JWTZ, jeshi la nchi, yakaja kusomba. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alihakikiwa shamba lake kwanza, ili wasipenye watu wa kangomba, wale wanaonunua kwa mkulima mwenye shida kabla ya msimu, wakipima kwa bakuli. Nilishangilia siku ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Lakini Serikali kuingia sokoni si ujamaa peke yake. Hata nchi za kibepari hununua mazao ya wakulima wao bei inapoanguka. Azimio la Arusha la 1967, tamko lililoweka siasa ya ujamaa, liliuliza jambo zito zaidi: njia kuu za uchumi zimo mikononi mwa nani, na nani anaishi kwa jasho la mwenzake? Kisha likawageukia viongozi wenyewe. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili. Masharti hayo CCM iliyalegeza katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991. Wengi husema ujamaa uliondoka na mashirika ya umma yaliyouzwa. Mimi naona uliondoka pale, siku kiongozi aliporuhusiwa kuwa mwenye nyumba na mwenye hisa kama tajiri mwingine yeyote.

Dhana: Basi neno limebaki hewani tu. Hapana, limeandikwa. Ibara ya 3 ya Katiba ya nchi bado inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa, na CCM yenyewe haijaliacha neno Ujamaa na Kujitegemea. Ila Katiba ya nchi inaufasiri ujamaa kwa upana mno: demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Umiliki wa uchumi haumo katika orodha hiyo. Kwa tafsiri hiyo babu yuko sahihi, lakini hata chama cha wafanyabiashara watupu kingeweza kujiita cha kijamaa.

Dhana: Wapinzani wote ni wa upande wa ubepari. ACT-Wazalendo, kwa Azimio la Tabora la 2015, ilijitangaza kuwa chama cha kijamaa na kutaka kuihuisha misingi ya Arusha. Jina hili lina wagombea zaidi ya mmoja.

Kwangu, CCM ni chama kilichozaliwa na ujamaa, kikabaki na mkono mrefu wa Serikali sokoni. Kukiita cha kijamaa bila maelezo zaidi ni kukipa sifa ambayo masharti yake kilishayaweka kando. Kijana yule aliniuliza nina ushahidi gani wa karibu. Nikamtajia viwanda vya kubangua vilivyojengwa na Serikali katika mikoa yetu, vikabinafsishwa, na baadhi vikageuzwa maghala. Korosho ghafi huwekwa humo zikisubiri kupelekwa bandarini, na huko ng'ambo ndiko zinakobanguliwa.