Gemu kupigwa kalenda: maana yake, na ukimya unaokuja nako

Katika kibanda cha gemu kilicho jirani na kwangu, Ngarenaro hapa Arusha, kuna kaunta buku ambalo mwenye kibanda huandikia madeni. Ukurasa wa mwisho hauna deni. Una majina kumi na manne ya machalii wa mtaani, mbele ya kila jina mia tano mia tano walizochanga, na juu kabisa kuna tarehe. Ya kwanza imeandikwa "mwishoni 2025", ikakatwa mstari. Chini yake ipo 26/5/2026, nayo imekatwa, safari hii kwa nguvu mpaka karatasi imechanika. Ya tatu ni 19/11/2026. Hiyo ameiandika kwa penseli.

Michango ni ya kununua GTA VI, yaani Grand Theft Auto la sita, siku litakapotoka. Na machalii wana jina la kilichozipata tarehe hizo: gemu limepigwa kalenda.

Msemo huu tumeuzoea kwenye habari za mahakamani. Kesi inatajwa, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga siku nyingine, mtuhumiwa anarudishwa mahabusu. Kesho yake gazeti linaandika: kesi yapigwa kalenda. Ndiyo maana naupenda kuliko "kuahirishwa". Ukisema kimeahirishwa, unamfikiria aliyeahirisha. Ukisema kimepigwa kalenda, unamwona pia yule anayesubiri, ambaye siku hiyo mpya imepangwa bila yeye kuulizwa.

Kwa hiyo gemu kupigwa kalenda maana yake ni hii: kampuni ilitaja siku, au angalau msimu, watu wakaishika, kisha ikasogezwa mbele. Sharti ni lile la kutaja. Gemu ambalo halijawahi kutajiwa siku haliwezi kupigwa kalenda, hata likichelewa miaka ishirini. The Elder Scrolls VI lilitangazwa Juni 2018 kwa kipande kifupi cha video bila tarehe yoyote. Hilo bado halina kalenda ya kupigwa. Lipo pia kundi la magemu yaliyoahidiwa kisha yakayeyuka. Half-Life 2: Episode Two lilitoka Oktoba 2007 na hadithi ikaachwa katikati, wachezaji wakiwa wameahidiwa sehemu ya tatu. Haikutoka, na hakuna aliyewaambia waache kusubiri.

Kabla sijaenda mbali, niweke sawa nani ni nani, kwa sababu vijana wengi hutukana mlango usio wenyewe. Kuna studio, yaani watu wanaochora, wanaoandika programu na kurekodi sauti. Halafu kuna mchapishaji: kampuni inayotoa fedha, inayolitangaza gemu na kuliuza. Ni kama msanii na lebo yake. Kwa GTA, studio ni Rockstar Games na nyuma yake ipo Take-Two, ambayo hisa zake zinauzwa kwenye soko la hisa Marekani. Hilo la hisa ulishike, nitalirudia.

Sasa, kwa nini tarehe zinasogea? Kibandani swali hili linasumbua kuliko kwingineko, kwa sababu gemu linalolisha kibanda ni la mpira, na la mpira halikosi. Kila mwaka karibu na Septemba linatoka jipya. Hata EA, kampuni inayolitoa, ilipoachana na jina la FIFA mwaka 2023, lile la jina jipya, FC 24, lilitoka Septemba ileile. Chalii aliyekua akiona hivyo anadhani magemu yote huiva kwa msimu kama mahindi. Lakini la mpira linajengwa juu ya lile la mwaka jana: uwanja upo, mwendo wa mpira upo, wanabadilisha vikosi, sura na baadhi ya mambo. Gemu la mji mzima ni kazi nyingine kabisa. Ukigusa mwendo wa gari, umegusa daraja linalopitwa na gari hilo, polisi wanaolifukuza, mvua inayolowesha barabara na mtu anayeruka pembeni. Kasoro moja ukiirekebisha huku, inaweza kuzaa nyingine kule ambako hukugusa. Hata mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini anakadiria tu.

Na kazi haiishii studio. Gemu likikamilika hupelekwa kwa wenye mashine, yaani Sony, Microsoft au Nintendo, walikague kabla halijaruhusiwa kuuzwa. Likikwama huko linarudi. Likipita husemwa limefikia dhahabu, na zamani dhahabu ilimaanisha sidii zinaweza kuanza kuchapwa, yamekwisha. Cyberpunk 2077 ndilo lililotufundisha kwamba hata dhahabu siyo mwisho. Lilipangiwa Aprili 2020, likasogezwa Septemba, kisha Novemba 19. Mapema Oktoba kampuni ya CD Projekt ya Poland ikatangaza limefika dhahabu. Mwezi huohuo haujaisha, likasogezwa tena siku 21. Likatoka Desemba 10 likiwa bovu mno kwenye PS4, mashine ya Sony, na wiki moja baadaye Sony ikaliondoa dukani kwake mtandaoni. Lilirudi Juni 2021.

Mimi hutumia mfano huo kila chalii anapolia kwamba kusogezwa ni uhuni. Wale walisogeza mara tatu na bado walitoa kabla halijaiva. Upande wa pili, GTA V lenyewe liliahidiwa majira ya kuchipua ya 2013 na likatoka Septemba 17. Red Dead Redemption 2, nalo la Rockstar, lilisogezwa mara mbili mpaka Oktoba 26, 2018. Leo hakuna anayeyakumbuka magemu hayo kwa kuchelewa. Tena mwaka huo wa 2018 Rockstar ilisemwa sana kwa saa ndefu ambazo wafanyakazi wake walikuwa wanakaa kazini. Mwezi mmoja wa ziada unaweza kuwa ni mtu fulani amelala kwake usiku badala ya kulala mezani. Sina kinyongo na mwezi huo.

Kinachoniuma mimi ni ukimya. Mtaani tunasema wamekausha, au wameuchuna. Kukausha siyo kutokuwa na la kusema. Ni kuwa nalo na kulibana, wakati unajua kuna mtu yuko mlangoni anasubiri.

Tazama hesabu ya GTA VI. Video ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa Desemba 2023 ikiwa na maneno yanayotaja 2025. Ya pili ilitoka Mei 6, 2025. Katikati hapo ni miezi kumi na saba, na kilichosikika ni mchapishaji kurudia mbele ya wawekezaji kwamba wanalenga msimu wa vuli wa 2025. Mei 2, siku nne kabla ya video ya pili, ndipo wakasema mpaka Mei 26, 2026. Kisha Novemba 6, 2025 wakasogeza tena mpaka Novemba 19, 2026. Waliomba radhi, kwa sentensi chache, na radhi hiyo naipokea. Lakini angalia siku yenyewe: Novemba 6 ilikuwa siku ambayo Take-Two inatoa hesabu zake za robo mwaka.

Hapo ndipo penye siri ya ukimya. Kampuni yenye hisa sokoni haiwezi kuongea ovyo kama fundi wa mtaani. Neno moja kuhusu tarehe linapandisha au kushusha thamani ya kampuni nzima. Na kweli, mara zote mbili waliposogeza, bei ya hisa ilishuka. Kwa hiyo wanasheria hupitia kila sentensi, na habari hutoka siku inayofaa kwa mwenye hisa. Mchezaji anaipata kama aliyesimama dirishani kwenye kikao cha watu wengine. Kuna sababu nyingine pia. Matangazo ya gemu hununuliwa kwa mpango, na kampuni haitaki kutumia moto wake wote mwaka mmoja kabla. Na Rockstar iliumizwa Septemba 2022, pale video nyingi za gemu likiwa bado bichi zilipoibwa na kusambazwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sababu hizi nazielewa zote. Hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya yule chalii wa mia tano.

Usidhani basi kwamba ni fedha za soko la hisa tu zinazoleta ukimya. Hollow Knight: Silksong lilitengenezwa na Team Cherry, watu wachache wa Adelaide, Australia, wasio na mchapishaji wa kuwabana. Wazo lake lilianza kama ahadi kwa watu waliochangia gemu la kwanza. Likatangazwa Februari 2019. Juni 2022 lilionyeshwa kwenye tamasha la Xbox, mashine ya Microsoft, pamoja na magemu ya miezi kumi na miwili ijayo. Mei 2023 ikatangazwa kwamba halitawahi muda huo, na baada ya hapo, kimya. Kulikuwa na chaneli ya YouTube iliyotoa video siku baada ya siku kuwaambia watu kwamba leo hakuna habari, na watu walikuwa wanaitazama. Lilipotoka Septemba 4, 2025, maduka ya mtandaoni yalizidiwa na wanunuzi. Watengenezaji walieleza kwamba hawakukwama popote, walikuwa wanafurahia kazi na kuongeza vitu. Nafurahi kwa ajili yao. Ila sentensi hiyo ingetosha kwenye ujumbe wa simu, na ingetumwa 2023.

Nintendo waliwahi kuonyesha namna. Metroid Prime 4 lilitangazwa Juni 2017. Januari 2019 kiongozi wao akakaa mbele ya kamera akasema kazi haijafikia kiwango wanachotaka, wanaanza upya na studio nyingine. Ilikuwa habari mbaya kupindukia, na wachezaji wengi waliipokea kwa heshima, kwa sababu ilikuja na uso wa mtu na sababu. Gemu likatoka Desemba 2025. Katikati nao walikausha miaka, sitawapaka mafuta, lakini aliyekuwa anasubiri alijua anasubiri nini.

Ukimya haukai mtupu. Hujazwa na tetesi. Maduka ya mtandaoni huweka Desemba 31 kama tarehe ya kujazia nafasi tu, mtu anaipiga picha ya skrini, inazunguka magrupu ya WhatsApp kama habari ya uhakika. Wezi nao wanaingia. Mwezi uliopita dogo mmoja wa hapo kibandani aliniletea simu ya mama yake. Alikuwa amepakua "GTA 6 ya simu". Bando la wiki lilikwisha kwenye kupakua. Lilipofunguka, likaonyesha picha moja ya mji na kitufe cha kubonyeza ili "kuthibitisha". Alibonyeza. Tangu hapo kila mama yake alipotaka kupiga simu, tangazo la kamari lilikuwa linafunika namba. Tulikaa nusu saa kwenye benchi tukifuta programu moja baada ya nyingine, na muda wote dogo alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, kwa hiyo la kweli bado?"

Halafu yupo mwenye kibanda. GTA VI limetangazwa kwa PS5 na Xbox za kizazi kipya, basi. Yeye alikuwa na PS4 mbili. Aliposikia 2025 alichukua mkopo kwenye kikoba, akanunua PS5 moja, akihesabu kwamba foleni ya gemu jipya itarudisha. Marejesho yalianza mwezi uliofuata. Kikoba hakipigwi kalenda. Kwenye PS5 hiyo wanacheza mpira, na mteja hakubali kulipa zaidi kwa mpira uleule anaoupata kwenye PS4 ya pembeni. Ninapoandika "hasira ya mashabiki" ni jambo kama hili ninalolifikiria. Siyo utoto wa kulilia toi. Mtu alipanga maisha yake juu ya neno la kampuni, na neno likahama bila kumuaga.

Hasira hiyo ina haki, lakini kuna mahali haina ruhusa ya kufika. No Man's Sky liliposogezwa kutoka Juni hadi Agosti 2016, watengenezaji walitumiwa vitisho vya kuuawa. Cyberpunk hivyohivyo. Anayepokea ujumbe huo ni kijana mwenye mshahara, ambaye hakupanga tarehe na pengine ameijua siku moja na wewe. Machalii wakianza kuongea hivyo kibandani, mwenye kibanda huzima skrini mpaka wanyamaze, na namuunga mkono.

Alipoandika ile tarehe ya tatu aliwaita wote akawaambia anayetaka mia tano zake azichukue. Wawili walichukua. Dogo mwingine alikaa anahesabu kwa vidole, kisha akasema Novemba 19 hiyo ni Alhamisi, na Novemba 2026 yeye atakuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Mei angekuwa na nafasi. Mwenye kibanda akamuuliza kama afute jina lake.

"Liache," akasema. "Ila andika pembeni, mimi nitaanza baada ya pepa ya mwisho."

Ameandika. Nayo kwa penseli.