Umri wa mkaa haupatikani kwa kitufe cha log

Nimeliona kosa hili tena, la mtu kupiga hesabu ya umri wa mkaa kwa kitufe cha log (logi ya msingi wa 10) badala ya ln (logi ya asili, ya msingi e), na sasa lazima niliandikie. Jamani, ln si log.

Tuseme mkaa uliofukuliwa Gede, magofu ya mji wa kale hapa Malindi, umebakiwa na asilimia 90 ya kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi inayopungua taratibu kiumbe kikishakufa. Umri wake wa radiokaboni ni −8033 × ln(0.9), yaani miaka 846, ikihesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950. Ukibonyeza log unapata 368. Kabla hata ya kusawazisha, yaani kuugeuza umri wa radiokaboni kuwa miaka halisi ya kalenda, jibu la kwanza liko mwanzoni mwa karne ya 12 na la pili mwishoni mwa karne ya 16, mji ukikaribia kuhamwa. Hilo si kosa dogo.

Wengine hugawanya tu: nusu huisha kwa miaka 5730 (kipimo cha sasa), basi asilimia 10 itaisha kwa 1146. Sivyo. Kila mwaka hupotea sehemu ileile ya kile kilichobaki, si kiasi kilekile.

Logi ya msingi wa 10 yenyewe haina ubaya, mradi uizidishe kwa 2.303. Uzuri wa ln ni kwamba haidai kizidishio hicho: 8033 ni wastani wa uhai wa atomu moja ya kaboni-14, kwa miaka, basi. Namba hiyo inatokana na nusu-uhai (muda wa nusu kuisha) ya zamani ya Libby, mwanzilishi wa njia hii ya kupima umri, miaka 5568. Maabara wameishikilia kwa makubaliano ili majibu ya zamani na mapya yalingane, na usawazishaji huirekebisha baadaye. Usiibadilishe mwenyewe ukidhani unasaidia.

Linaloniudhi zaidi ni watu kutaja umri bila kosa lake la kipimo, ile namba ya ±. Ln hufuata uwiano. Kipimo kikiyumba kwa 0.005 penye 0.9, umri huyumba miaka 45 hivi. Yumba hiyohiyo penye 0.05 ni kama miaka 800! Chombo ni kilekile, mkono ni uleule, ila kilichobaki ni kidogo.

Na hesabu ikiwa safi kabisa, bado nina shaka na boriti za nyumba kongwe za Lamu. Ln inakwambia pete ile ya mti iliacha lini kuvuta kaboni. Haijui kama boriti ilitolewa kwenye dari ya nyumba nyingine iliyobomoka. Kombe la chaza ndilo gumu zaidi, maana kaboni ya baharini huonekana nzee kwa takriban miaka 400 kwa wastani wa dunia, na kila pwani ina tofauti yake. Penye mkaa wa vijiti vyembamba, pima huo kwanza, maana vijiti havikuishi miaka mingi kabla ya kuchomwa.