Magari Yanaporejeshwa kwa Sababu ya Kiti cha Dereva

Mtengenezaji anapotangaza kwamba magari yake yarudishwe kwa sababu ya hitilafu ya breki, wenye magari hushtuka na kupiga simu siku hiyohiyo. Anapotangaza kwamba kasoro iko kwenye kiti cha dereva, wengi huiweka barua kando, maana kiti bado kinakalika. Mimi ni mhandisi wa viti vya magari, kazi yangu ni kupima fremu, reli na vifungio vyake, na kwa maoni yangu wito wa aina hii unastahili haraka ileile inayopewa breki.

Kiti ndicho msingi ambao vifaa vingine vya usalama vimepangiwa. Mahali mkanda unapopita begani na kiunoni, umbali kati ya kifua na mfuko wa hewa uliomo ndani ya usukani, kimo cha kiegemeo cha kichwa, vyote hukokotolewa kwa kuchukulia kwamba dereva amekaa mahali fulani na atabaki hapo. Katika magari mengi ya sasa kifungio cha mkanda kimeshikizwa kwenye fremu ya kiti chenyewe, wala si sakafuni, kwa hiyo wakati wa ajali sehemu kubwa ya nguvu inayouvuta mkanda hupitia kwenye kiti, ikashuka kwenye reli, kisha kwenye bolti zinazoishika reli sakafuni. Bolti moja ikilegea, mkanda nao umelegea, hata kama utepe wake ni mpya kabisa.

Kiti cha abiria kikiteleza, aliyeumia ni abiria. Kiti cha dereva kikiteleza, gari zima halina mwendeshaji. Wakati wa kufunga breki, kiti kisichoshikwa na kufuli chaweza kwenda mbele na kumbana dereva kwenye usukani. Gari likiondoka kwa kasi au likipanda mlima, chaweza kurudi nyuma hadi mguu ukaachana na pedali, na hapo dereva hung'ang'ania kitu pekee kilicho mikononi mwake, yaani usukani, akaupindisha bila kukusudia. Yote haya hutokea bila kugongana na chochote.

Ukiinama ukatazama chini ya kiti utaona jozi mbili za reli, moja kila upande. Reli ya chini imefungwa sakafuni, ya juu imefungwa kwenye kiti. Ukivuta wenzo ulioko mbele ya kiti, ndimi za kufuli hutoka kwenye matundu ya reli na kiti kinateleza. Ukiuachia, springi huzirudisha ndimi matunduni. Hali inayonisumbua zaidi ni ile ya kufunga nusu: ulimi wa upande mmoja umeingia sawasawa, wa upande wa pili umekalia chuma kilicho kati ya tundu na tundu. Ukikitikisa kiti hicho kwa mikono utadhani kimeshika, kwa sababu upande mmoja unatosha kuhimili mtikisiko mdogo, lakini katika mgongano upande ulio wazi hutangulia, fremu hujipinda, na kufuli lililobaki hubeba mzigo ambao halikutengenezwa kuubeba peke yake. Ndiyo maana ninapendekeza kwamba kila baada ya kusogeza kiti, dereva ajisukume mbele na nyuma kwa mwili wake wote mpaka asikie kufuli likiingia, kabla ya kuwasha gari.

Springi hiyo ndogo iliwahi kugharimu sana. Mwezi wa Aprili 2014 Toyota ilitangaza kurejesha magari yapatayo milioni 6.39 duniani kwa kasoro kadhaa kwa pamoja, na mojawapo ilikuwa springi ya kufuli la reli za viti, ambayo ingeweza kuvunjika kiti kinaposogezwa mara nyingi mno. Miongoni mwa magari yaliyoguswa ilikuwamo Yaris, ambayo Japani ilijulikana kwa jina la Vitz. Kasoro ya namna hiyo haionekani gari likitoka kiwandani. Chuma huchoka taratibu, na gari linalobadilisha madereva kila siku hufika kwenye hatari mapema kuliko la mtu mmoja asiyegusa kiti mwaka mzima.

Mwaka huohuo General Motors iliita magari zaidi ya 400,000 nchini Marekani, yakiwemo Chevrolet Equinox na Camaro, kwa sababu bolti inayoshikilia kifaa cha umeme cha kupandisha kiti ingeweza kulegea na kudondoka, kiti kikashuka ghafla hadi chini kabisa. Mtu asiye fundi atauliza bolti hufunguka vipi yenyewe. Bolti hushika kwa sababu inapokazwa hurefuka kidogo sana, na mvuto huo ndio unaobana vyuma viwili pamoja. Ikikazwa chini ya kipimo, mvuto ni mdogo, mitetemo ya barabara huvifanya vyuma vichezecheze, na kila mchezo huizungusha bolti kidogo kuelekea nje. Ikikazwa kupita kipimo, hurefuka isirudi, na matokeo yake hayana tofauti kubwa. Kwa hiyo kauli ya “nimeikaza sana” hainiridhishi. Ninachotaka kusikia ni kipimo kilichosomwa kwenye spana maalumu.

Kuna pia mgongo wa kiti. Gari likigongwa kwa nyuma, mkanda hausaidii sana mwanzoni, kwani kinachompokea dereva ni mgongo wa kiti, na ukikunjika kuelekea nyuma dereva huteleza juu yake kutoka chini ya mkanda, kichwa kikielekea kiti cha nyuma, ambako mara nyingi kuna mtoto. Kanuni ya Marekani namba 207, inayotumika tangu 1968, hudai mgongo huo uhimili nyutonimita 373 (kipimo cha nguvu ya kukunja) kwa kila nafasi ya kukaa, ilhali Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa hudai 530. Nimeona viti vikipita vipimo hivi kwa urahisi, na sifichi kwamba ninaviona kuwa hafifu kwa ajali halisi. Isitoshe, kanuni hupima kiti kilichotengenezwa sawasawa. Wito wa kurejesha magari huja pale ambapo baadhi ya viti, pengine vya zamu moja tu ya kiwanda, vilichomelewa vibaya, au vilitoka bila bolti kukazwa.

Sheria ya Marekani humtaka mtengenezaji aiarifu mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ndani ya siku 5 za kazi tangu aamue kwamba kasoro ipo, na awaandikie wenye magari ndani ya siku 60. Matengenezo ni bure kwa gari lisilozidi miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza. Barua, hata hivyo, humfuata mmiliki aliyesajiliwa, na gari lililouzwa tena na kuvuka bahari huiacha barua nyuma lakini huja na kasoro yake. Mnunuzi wa gari lililotumika hana budi kutafuta mwenyewe kwa namba ya chasisi. Hapa watu wengi hukwama: tovuti ya NHTSA husoma namba ya tarakimu na herufi 17, ilhali magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi yenye kistari katikati, na hayo hutafutwa kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji. Kuambiwa “haipatikani” kwenye tovuti isiyo yake hakumaanishi kwamba gari ni salama.

Matengenezo yenyewe kwa kawaida ni mafupi: kukaza bolti, kubadilisha reli, au kubadilisha fremu nzima iwapo tatizo ni uchomeleaji. Nisingekubali fremu au reli ichomelewe mtaani, kwa sababu chuma hicho huwa kigumu kwa namna maalumu na joto huiharibu sifa hiyo pembeni mwa mshono. Kiti kikitolewa, betri hufunguliwa kwanza na kusubiriwa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kwani chini yake kuna nyaya, mara nyingi zenye viunganishi vya njano, zinazokwenda kwenye mfuko wa hewa wa ubavuni na kwenye kifaa cha kuukaza mkanda. Kabla ya kuondoka, washa gari utazame dashibodi: taa ya mfuko wa hewa ikibaki inawaka, huenda kiunganishi hakikurudi mahali pake, na fundi akirudishe ungali hapohapo. Kama vipuri havijafika na kiti chako tayari kinacheza au hushuka chenyewe, gari hilo lisiendeshwe hadi vifike.