Homa ya Mbu, Mjamzito Anayeishi na VVU, na Dawa za Maumivu

Hapa Malindi homa yenye maumivu ya viungo huitwa malaria hata kabla damu haijapimwa, na kipimo kikionyesha kwamba si malaria, mama mjamzito hupitia dukani akanunua dawa za maumivu kama diklofenaki au brufeni. Kwa mjamzito anayemeza dawa za VVU, kupitia huko dukani hunitia hofu kubwa.

Homa hiyo huenda ikawa dengi au chikungunya, homa za virusi zinazoenezwa na mbu, na pwani yetu si ngeni kwazo. Dengi ilizuka Malindi na Kilifi mwaka 1982, na chikungunya ilipoingia Lamu mwaka 2004, wakati wa ukame, uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba takriban watu watatu kati ya kila wanne mjini walikuwa wameambukizwa. Virusi vyote viwili huenezwa na Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe, ambaye huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya mapipa na mabirika na huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. (Wazee wa Lamu walifuga samaki wadogo katika mabirika ili samaki hao wale viluwiluwi vya mbu, na mpaka leo naona busara yao.)

Dengi hupunguza chembe za damu zinazozuia kuvuja kwa damu, na brufeni huzidhoofisha zile zilizobaki. Tenofoviri, iliyomo katika kidonge cha VVU ambacho wengi hupewa, hutolewa mwilini kupitia figo, ilhali diklofenaki hupunguza damu inayozifikia figo hizo hizo. Mimba ikipita wiki 20, dawa za jamii hii zinaweza pia kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Kwa hiyo natoa paracetamoli, nahimiza vinywaji, na dawa za VVU haziachwi hata siku moja. Homa ya dengi inaposhuka ndipo hatari huanza: tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, alazwe.

Chikungunya hutisha zaidi karibu na kujifungua. Katika Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, mwaka 2005 na 2006, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na mama wenye virusi hivyo damuni wakati wa uchungu waliambukizwa, na kuzaliwa kwa upasuaji hakukuwakinga. Dawa zinazomkinga mtoto na VVU hazina nguvu juu ya chikungunya. Mtoto aliyeambukizwa huzaliwa akionekana mzima, kisha huugua kati ya siku ya 3 na ya 7. Ndiyo maana mama aliyejifungua akiwa na homa hii simruhusu kupanda boti ya kurudi visiwani kabla juma halijaisha.