Glasi moja ya mvinyo kwa siku hairefushi maisha

Ujumbe huu hauchoki kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: anayekunywa glasi moja ya mvinyo mwekundu kwa siku huishi muda mrefu kuliko asiyegusa pombe kabisa, na eti "utafiti umethibitisha".

Dai hili halikuzuka hewani. Tafiti nyingi za zamani zilionyesha kweli kwamba wanywaji wa kiasi walikufa wachache kuliko wasiokunywa. Tatizo ni nani aliyewekwa kwenye kundi la wasiokunywa. Humo walichanganywa watu ambao hawajawahi kuonja pombe na wale walioiacha kwa kuwa ini au moyo umewalazimisha. Mgonjwa aliyeacha jana akifa kesho, kifo chake kinaandikwa upande wa wanywa chai. Tena, huko Ulaya na Marekani, mnywaji wa glasi moja mara nyingi ana kipato kizuri, hula vizuri na hufanya mazoezi. Mvinyo unapewa sifa za mshahara wake.

Watafiti walipowatenga walioacha pombe, faida ile ilipungua sana au ikatoweka. Pombe yenyewe imo katika orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988. Leo inahusishwa na saratani ya ini, ya koo na ya matiti, na baadhi ya hizo hata kwa wanaokunywa kidogo.

Ukiletewa ujumbe wa namna hii, tafuta utafiti wenyewe, kama upo, usome sehemu ya mbinu: "wasiokunywa" ni akina nani? Usipopata jibu, tafadhali usiusambaze.