Nyota mtoto ni nani, na huishia wapi?

Nyota mtoto ni yule aliyejulikana na watu wengi kwa kuigiza, kuimba au kuchekesha kabla hajawa mtu mzima. Kipenzi cha vijana ni jamaa yake wa karibu, ila huyu hushabikiwa na rika la shule ya upili, na mara nyingi kinachouzwa ni sura na nywele kuliko sauti yenyewe. Wote wawili wana kasoro moja ya kikazi: kile wanachopendewa kina muda wake. Mtoto atakua, apende asipende.

Barazani hapa Lamu, akitajwa nyota wa zamani, haikosi mtu wa kusema, "Maskini, amekwisha yule." Mimi nadhani neno hilo linamwonea. Tazama Maulidi yetu ya Mfungo Sita pale msikiti wa Riyadha. Kijana wa madrasa, kanzu imenyooka kwa pasi, kofia imemshuka hadi masikioni, anasoma kasida kwa sauti nyembamba mpaka wazee wanafuta macho. Baada ya mwaka au miwili koo limekuwa zito, sauti imevunjika, na mdogo wake amekaa pale pale. Hakuna anayesema amekwisha. Hupewa twari, ile ngoma ndogo ya mkononi, akarudi safu ya nyuma, na shughuli ikaendelea.

Biashara ya muziki haina safu ya nyuma. Kundi la Menudo la Puerto Rico, lililoanzishwa 1977, lilikuwa na desturi ya kumtoa kijana akikaribia miaka 16 au sauti ikibadilika, na kumwingiza mwingine mdogo. Mwimbaji Ricky Martin aliingia 1984 akiwa na miaka 12, akatoka 1989, na ilimchukua miaka kumi mingine dunia nzima kumjua kwa jina lake mwenyewe. Wenzake wengi hawakufika huko.

Lakini kukua peke yake hakumharibu mtu. La kuuliza kwanza ni mfuko wa pesa ulishikwa na nani. Jackie Coogan alicheza na Charlie Chaplin katika filamu ya kimya ya The Kid, 1921, akapata mamilioni ya dola kabla ya kuota ndevu. Alipokuwa mtu mzima akadai chake, kumbe mama yake na baba wa kambo walikuwa wameshazitumia, na sheria ya wakati ule ilisema jasho la mtoto ni mali ya mzazi. Alishtaki 1938, akaambulia takriban dola 126,000. Mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria inayoitwa kwa jina lake; tangu 2000, asilimia 15 ya mapato ya mtoto hufungiwa katika akaunti ambayo mzazi haigusi. Coogan mwenyewe alirudi kwenye televisheni miaka ya 1960, kipara na mnene, akichekesha watu.

Shirley Temple, nyota mtoto wa filamu za Marekani, naye alikuta dola 44,000 tu zilizobaki kati ya zaidi ya milioni 3. Hakupotea: mwaka 1974 alipelekwa Accra kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana. Gary Coleman, nyota mtoto wa televisheni ya Marekani, aliwashtaki wazazi wake, akashinda, na bado akafanya kazi ya ulinzi. Ron Howard, aliyeanza kuigiza utotoni, alihamia nyuma ya kamera, akatuzwa Oscar ya uongozaji 2002. Kwetu, yule aliyeigiza Baha katika Machachari, kipindi cha televisheni cha Kenya, ni mtu mzima sasa, na watu bado wanamwita Baha. Hilo nalo ni mzigo, ingawa hauonekani.

Siku hizi nyota mtoto hahitaji studio, simu ya mzazi inatosha. Ndiyo maana jimbo la Illinois la Marekani, kuanzia Julai 1, 2024, inawataka wazazi wanaolipwa kwa video za watoto wao wawawekee fungu lao, na asipowekewa, mtoto anaweza kuwashtaki akikua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataja umri: chini ya miaka 13 haajiriwi, na wa 13 hadi 16 apewe kazi nyepesi isiyomtoa shuleni. Haikuandikwa kwa kumfikiria mzazi anayemrekodi mwanawe akicheza pale uwanja wa Mkunguni, hapa Lamu, na malipo yakaingia kwenye laini ya mzazi.